Mwisho wa Wavu

Kila Ijumaa, kabla jua halijapata nguvu, Mzee Aflah alikuwa akimchukua mjukuu wake Shahad kwenda naye kuwinda paa, na kila Ijumaa walirudi mikono mitupu, wamefurahi kuliko watu waliorudi na mnyama. Bunduki hawakuwa nayo. Kuwinda paa Omani kumepigwa marufuku zamani, na Mzee Aflah, pamoja na ubishi wake wote, hakuwa mtu wa kugombana na serikali. Alikuwa na darubini aliyoivaa shingoni, tende kwenye kifuko, na gari jeupe la zamani ambalo bintiye Mahbuba alishachoka kumwambia aliuze. Walikwenda kwenye milima iliyo nyuma ya kijiji cha Qantab, wakakaa kimya baina ya mawe, na wakibahatika wakamwona paa mmoja akiteremka kula majani ya migunga. Ukimuuliza Shahad wamepata nini, alikujibu kwa kiburi chote cha miaka yake sita: "Tumempata kwa macho."

Mahbuba aliijua furaha hiyo. Alizaliwa hapa hapa Omani, miaka mingi baada ya baba yake kuondoka Unguja, kijana mwenye hadithi nyingi kuliko mizigo. Alipokuwa mdogo, yeye ndiye aliyeamshwa alfajiri akabebwa na usingizi wake mpaka garini, mama yake akinung'unika mlangoni kwamba mtoto wa kike anaharibiwa. Sasa ana ofisi yake wizarani, ana watu wanaosimama akiingia, na bado hajapata siku zilizozishinda zile. Shahad alimpata akiwa ameshakata tamaa ya mtoto. Baba yake alipoomba kumchukua kwa mara ya kwanza, Mahbuba alilia jikoni kwa raha.

Kule Unguja, kwenye maweni ya kusini, nchi ya mawe na vichaka, paa walikuwa wakiwindwa kwa wavu na mbwa. Wavu unatandazwa kichakani, wanaume wanapiga kelele upande wa pili, mnyama anakurupuka, anaukimbilia wavu bila kuuona. Mtoto akichukuliwa, kazi yake ni moja tu: kukaa mwisho wa wavu, pale unapofungwa, achutame, asijitikise. Paa akimwona mtu pale anageuka, na shughuli yote ya asubuhi imekwenda bure. Kwa hivyo mtoto alifunzwa sheria. Usinyanyuke. Usiseme. Ukiitwa usiitike, akuite nani. Maweni yana wenyewe, wasioonekana, na wenyewe wanazijua sauti za watu, hata ya mama yako wanaiweza. Kaa mpaka yule aliyekuweka aje mwenyewe akuguse bega.

Huku Qantab hakuna wavu wala mbwa, na wenyewe, kama wapo, bila shaka wanasema Kiarabu. Hayo hayakumshughulisha Mzee Aflah. Sheria aliileta kama ilivyo. Alimweka Mahbuba nyuma ya jiwe, akaliita jiwe lile mwisho wa wavu, naye akapanda juu kidogo na darubini yake. Mahbuba alikaa. Miguu ilikufa ganzi, nzi walimtembea usoni, akakaa. Kisha mkono wa baba yake ulimshukia begani bila yeye kusikia hata kokoto, na hakuna sifa aliyowahi kupewa baadaye, shuleni wala kazini, iliyofika uzito wa mkono ule.

Mwaka jana mzee akaanza kusahau. Mwanzo yalikuwa mambo ya kuchekwa. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote kwa ukaidi asionekane amekosea. Kisha akaanza kuuliza mkewe amekwenda wapi, naye alishamzika. Kisha siku moja mshonaji mmoja wa Hamriya, mtaa wa mzee, alimpigia simu Mahbuba, akamwambia babako amesimama mbele ya duka langu, anaulizia nyumba yake. Nyumba ilikuwa kichochoro cha pili. Alikuwa amekaa Hamriya kabla mshonaji yule hajazaliwa.

Daktari alisema alichosema, kwa lugha ya upole. Yaqdhan, mume wa Mahbuba, alisema kwa lugha yake.

"Mchukulie babako ufunguo wa gari. Mimi mkwe, siwezi kumwambia. Wewe mwanawe."

"Nimwambieje? Baba, lete ufunguo, umekuwa mtoto?"

"Mwambie gari bovu. Mwambie lolote. Lakini Shahad asipande tena gari lile."

"Ntamwambia. Mwezi wa Ramadhani huu, usinlazimishe nimvunje moyo. Idi ipite."

Idi ikapita. Mahbuba akasema shule zifungwe kwanza. Yaqdhan si mtu wa makelele, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukakaa nao mezani kila usiku. Mahbuba hakuwa mjinga. Aliona yote ambayo mumewe aliyaona. Lakini aliona na kingine: kwamba siku za wiki baba yake alikuwa mzee aliyepotea ndani ya nyumba yake, na Ijumaa alikuwa mtu. Alitoka ameoga, amejifunga kilemba sawasawa, anazijua njia zote za milima. Kumnyang'anya ufunguo kulikuwa kumzika akiwa anapumua, na yeye ndiye atakayeshika jembe. Basi akajitafutia sababu. Shahad mwerevu, alijiambia. Njia ya kurudi anaijua. Babu akisahau, Shahad atamkumbusha. Alijiambia hivyo mara nyingi mpaka ikaonekana kama mpango.

Ijumaa yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Mei, joto limeshaanza ukatili wake. Kama kawaida, Mahbuba na Shahad walilala Hamriya kwa mzee tangu Alkhamisi, na Yaqdhan angekuja kwa chakula cha mchana. Babu na mjukuu waliondoka gizani. Mahbuba alibaki jikoni akipika mkate wa ufuta, na asubuhi ilikuwa imeshakomaa aliposikia gari linaingia.

"Assalaam alaykum," Mzee Aflah alisema. Alitungika darubini kwenye msumari wake, akanawa mikono, akakaa, akasogeza kikombe mbele kama mtu anayestahili chai yake.

"Alaykum salaam, baba. Mmempata leo?"

"Mmoja. Jike. Nnaona ana mimba, anatembea kwa kujionea huruma. Kashuka mpaka chini, kasimama, kala, karudi. Macho yake mazuri, we."

Mahbuba alicheka. Alimimina chai ya mzee, kisha akamimina ya pili kwenye kikombe kidogo, maziwa mengi, sukari ambayo Yaqdhan asingeikubali. Akaita, "Shahad!" Akaita tena. "Baba, huyu yuko wapi?"

"Yumo garini. Kalala."

Alitoka na kandambili, mkononi ameshika taulo la jikoni. Garini hakuna mtu. Kiti cha nyuma kilikuwa na mkoba mdogo wa Shahad na chupa yake ya maji yenye ukanda wa waridi. Aliinyanyua chupa. Ilikuwa imejaa. Bati la mlango wa gari lilikuwa tayari linaunguza.

Alirudi ndani akitembea polepole, kama kwamba akikimbia ndipo jambo litakuwa kweli.

"Baba, Shahad hayumo garini."

"Basi yuko nje anacheza."

"Nje hayupo. Mlikwenda wapi leo? Mlishuka wapi?"

Mzee Aflah aliweka kikombe chini. Mahbuba alimwona baba yake akitafuta, kama mtu anayejipapasa mifuko akijua alikuwa na kitu. Kisha akamwona anaogopa. Maisha yake yote hajawahi kumwona baba yake akiogopa.

Ufunguo ulikuwa juu ya meza, pembeni ya sahani. Ule ufunguo alioshindwa kuuomba mwaka mzima aliuchukua bila kuomba. Alimshika baba yake mkono, akamwingiza garini upande wa abiria, akaondoka mkate ukiungua jikoni.

Alimpigia Yaqdhan njiani. Hakujua alimwambia nini khasa, ila alisikia upande wa pili kiti kinaanguka na mumewe akisema, "Napiga simu polisi, nakuja." Barabara ilipanda ikaingia milimani. Baba yake alikaa wima, mikono magotini, amevaa adabu ya mtu aliyepewa lifti na mgeni.

"Baba, mliliweka gari wapi?"

"Pale pale pa siku zote."

"Siku zote wapi?"

"Pale," alisema, akatazama nje. Na Mahbuba alijua kwamba pa siku zote hapana, maana baba yake mwenyewe alimfunza kwamba paa wakikuzoea pahala hawaji tena. Kila Ijumaa mzee alibadilisha bonde.

Juu ya Qantab, pale lami inapoiachia njia ya changarawe, alikuta alama mbichi za magurudumu, akashukuru, kisha alama zikamfikisha kwenye uwanja wa mawe ambapo mabonde yanagawika kama vidole, akaacha kushukuru. Milima ile si mikubwa, lakini imejaa mikunjo. Kila bonde lina tawi, na kila tawi lina mawe ambayo mtoto anaweza kukaa nyuma yake asionekane na mtu aliyesimama karibu. Alimwacha baba yake garini na ubaridi umewashwa, akaanza kuita.

Yaqdhan alifika, kanzu imemganda mgongoni. Polisi walifika na kipaza sauti. Vijana wa Qantab waliacha mashua zao wakapanda kusaidia bila kuulizwa. Bonde zima likajaa jina moja. Shahad! Ya Shahad! Mahbuba aliita mpaka koo likatoa sauti ya kukwaruza, na jua likapanda, na hakuna aliyeitika. Askari mmoja kijana alikuwa ameanza kuzungumza na mwenzake kwa sauti ya chini, kwa Kiarabu, juu ya visima vya zamani na nyufa za mawe. Mahbuba alisikia. Alitamani asingekijua Kiarabu.

Alisimama akaita tena, na jina la mwanawe likamrudia kutoka mlimani, kwa sauti yake mwenyewe lakini si yake khasa. Mara akajiona mwenyewe, mtoto, nyuma ya jiwe, siku aliyosikia mwanamke akiita kwa mbali. Pengine alikuwa mchungaji akiita mbuzi wake. Lakini Mahbuba yule mdogo aliijua sheria. Alibana kipaji cha uso magotini, akasoma kila sura aliyoihifadhi, na kadiri sauti ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kujikunja, mpaka baba alipokuja.

Shahad hakupotea. Shahad alikuwa akiwasikia.

"Nyamazeni," alisema. Sauti haikutoka. Alimkimbilia askari akamshika mkono wenye kipaza sauti. "Nyamazeni nyote, nakuombeni. Mnamtisha."

"Umepandwa na nini, Mahbuba?" Yaqdhan alimjia juu. "Tunyamaze, mtoto afe na kiu?"

"Anatusikia. Kafunzwa asiitike. Hata mimi nikimwita, kafunzwa kwamba si mimi."

"Kafunzwa na nani?"

Wote wawili walilitazama gari, ambamo Mzee Aflah alikuwa ameketi akiangalia mbele.

"Ulikuwa unajua hayo?"

"Na mimi nilifunzwa hivyo hivyo."

Yaqdhan alijifuta uso kwa mkono. Alipozungumza hakupandisha sauti, na ingekuwa bora angepandisha. "Ulimwona babako anavyokuwa. Ulimwona kila siku. Ukamtuma mtoto wa miaka sita aende kumlinda mzee. Wallahi, Mahbuba, akipatikana na dhara, mimi na wewe basi."

Kila neno lilikuwa kweli, na Mahbuba hakuwa na pa kuliweka. Yaqdhan aligeuka, akamwitikia askari kwa kichwa. Kipaza sauti kikazimwa. Vijana wakaambizana, mmoja baada ya mwingine mpaka mabonde ya mwisho, na milima ikatulia. Chini huko Qantab adhana ya Ijumaa ilianza, na hakuna mwanamume aliyeondoka.

Mahbuba alifungua mlango wa gari, akachutama mbele ya baba yake. Alikuwa amemuuliza Shahad yuko wapi mara nyingi, na kila mara swali lilimtia mzee hofu na hofu ikamfuta zaidi. Safari hii hakumtaja mtoto.

"Baba. Upepo unatoka wapi?"

Mzee Aflah alinyanyua uso. "Baharini. Lakini hapa unagongana na ule mlima, unageuka."

"Basi paa atashukia wapi?"

"Paa gani ashuke jua lote hili? Wewe nani kakufunza kuwinda?"

"Yule wa asubuhi, baba. Yule jike."

Uso ukabadilika. Macho yakarudi mahali pake. "Ah, yule. Yule kashukia kule nyuma, penye mgunga uliopinda. Kasimama, kala."

"Na wavu uliishia wapi?"

Alikuwa ameshaweka mguu chini. "Nifuateni," alisema. "Taratibu. Na huyo," akamwoneshea kidole askari kijana, "mwambieni avue hivyo viatu vyake vya makelele."

Askari, Mungu ambariki, alivua.

Walikuwa wamemtafuta upande usio. Mzee Aflah aliwapitisha nyuma ya uwanja wa mawe, kwenye ufa ambao kila mtu aliudhania umeziba, na ndani yake ukafunguka bonde dogo lenye migunga. Alitembea kwa ubavu wa mguu, bila kuteleza, bila kushika kitu, na Mahbuba nyuma yake, chupa ya Shahad kwapani, alikanyaga pale alipokanyaga yeye, kama zamani. Katikati ya hofu yote ile kulikuwa na sehemu ya moyo wake iliyofurahi kumfuata, na aliionea haya. Mbele kidogo mzee akasimama. Aliteremsha kiganja, ishara ya kukaa chini. Kisha akabaki hapo, mkono hewani, kama aliyeisahau ishara ilikuwa ya nini.

Mahbuba alipita mbele yake akaona, nyuma ya mwamba, mgongo mdogo.

Shahad alikuwa amechutama, kipaji magotini, mikono imekumbatia miguu. Nywele zilikuwa zimemganda shingoni kwa jasho na sikio lililokuwa juani limekuwa jekundu. Alipowekwa, lazima palikuwa na kivuli. Kivuli kilikuwa kimemhama, naye hakuhama.

"Shahad," Mahbuba alisema kwa kunong'ona. "Mwanangu. Ni mama."

Mtoto hakunyanyua uso. Alizidi kujikunja, na Mahbuba akasikia kitu kidogo, kikavu, kinatoka baina ya magoti yale. Alisogeza sikio. Shahad alikuwa akisoma Qul huwallahu ahad, haraka haraka, anaimaliza na kuianza tena. Alikuwa akimsomea yeye. Mahbuba ameitwa mengi katika maisha yake, na hakuna lililowahi kumchoma kama kusomewa na mwanawe kama anavyosomewa shetani.

Angeweza kumnyanyua. Mtoto wa miaka sita hana uzito, na Yaqdhan alikuwa nyuma yao, ameziba mdomo kwa mkono, tayari amenyoosha mwingine. Mahbuba alimzuia. Alijua kwamba akimbeba sasa atabeba mtoto anayepiga mayowe, anayeamini kwamba amechukuliwa na wenyewe, na kwamba babu yake hakuja. Na alijua jambo jingine, ambalo lilimtoa machozi papo hapo. Hii ndiyo safari ya mwisho. Hakuna tena Ijumaa baada ya hii. Hakutaka iishe kwa mtu kuburutwa.

Alirudi kwa baba yake. "Njoo, baba. Mguse."

Mzee Aflah alimtazama mtoto aliyechutama. Aliutazama mwamba, na watu waliosimama. Kule kujua kote alikotembea nako kulikuwa kumekwisha, kama betri.

"Mguse bega," Mahbuba alisema. "Anakungoja wewe."

"Mimi?" Akarudisha mkono nyuma. Alikuwa mtu wa heshima maisha yake yote, si mtu wa kugusa mtoto wa watu bila idhini. "Hapana, bibi. Simjui."

Basi Mahbuba aliuchukua mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili. Ulikuwa mwepesi, ngozi tupu na mishipa. Hakuamini kwamba ndio ule ule. Aliusogeza, naye mzee akamwachia kwa sababu ya adabu tu, akauweka juu ya bega dogo lililokuwa likitetemeka.

Kisomo kikakatika. Shahad alinyanyua uso, macho yakamfinyika kwa jua, akamwona babu yake, na uso wote ukafunguka.

"Babu! Umekawia!" Midomo ilikuwa imepasuka. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akakaa tena akicheka. "Babu, waliniita. Waliniita sana, wengi. Hata sauti ya mama waliifanya, mara nyingi, wakalia na kulia. Sikuitika."

Mahbuba alimwekea chupa mdomoni. Mtoto akanywa, maji yakimteremka kidevuni, bila kumwondolea macho babu yake. Mkono wa mzee ulikuwa bado begani kwake, umesahauliwa pale ulipowekwa.

"Nimekaa vizuri, babu?"

Mzee Aflah aliinama kidogo, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la kuwapa wageni mlangoni.

"Umekaa vizuri sana, mwanangu," alisema. Kisha akamgeukia Mahbuba, akateremsha sauti asimuudhi mtoto. "Mrudisheni kwao huyu. Mamake huko roho mkononi."

"Naam, baba," Mahbuba alisema. "Ntamrudisha."

Shahad alicheka akidhani ni utani, akabaki amemtazama babu yake usoni, akingoja amalize.